Tafuta Tundu Kabla ya Kuongeza Maji

Somo: Yoshua 7:1–21; Hagai 1:5–7



Jumapili tulihubiri juu ya gari linalochemka, na najua kuna waliocheka kichwa cha somo kilipotangazwa. Lakini hebu panda barabara kuu ya kwenda Eldoret wiki ya shule kufungwa. Ukishapita Salgaa na kuanza kuukabili mlima wa Sachangwan, utawakuta wenzetu kando ya barabara: boneti iko juu, mvuke unatoka, baba ameshika mtungi wa lita tano, mama na watoto wamekaa kwenye nyasi na mabegi yao. Wengi wao si mara ya kwanza. Ule mtungi haukununuliwa siku hiyo, unakaa ndani ya buti mwaka mzima. Gari likichemka anasimama, anangoja, anaongeza maji, anaendelea. Akifika Mau Summit anaongeza tena. Ukimuuliza anakwambia gari ni zima kabisa, "inapenda tu maji."

Hakuna gari linalopenda maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na maji yanayozunguka ndani yake yanatakiwa yawe yale yale, mwezi huu na mwezi ujao. Kama unaongeza, kuna mahali yanakwenda.

Kwa sisi watu wa huku juu jambo hili lina uzito wake. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Maji ya sufuria hapa huchemka kama digrii 94, hayafiki 100. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama digrii 91, na ndiyo sababu maharagwe ya kule yanakula kuni nyingi. Sasa injini ya gari hupenda kufanya kazi kwenye digrii 80 na kitu hadi 95 hivi. Kama maji ya rejeta yangekuwa wazi kama sufuria, basi hata gari lililotoka kiwandani jana lingechemka kabla ya kuimaliza Sachangwan. Kinachozuia ni kile kifuniko kidogo cha rejeta. Kina springi na mpira, kinashikilia presha ndani, na presha ikishikwa maji yetu ya Nakuru hayachemki mpaka yapite digrii 110. Mpira ukikauka presha inatoroka, na gari ambalo halina ugonjwa mwingine wowote linakuaibisha mlimani. Watu wameshusha injini nzima kwa kosa la kifuniko.

Fundi mmoja tunayesali naye, wengi wenu mnamjua, ni yule wa viti vya nyuma upande wa akina baba, alinipa saa nzima kwenye gereji yake. Nilimuuliza anajuaje ugonjwa wa gari ambalo halijui. Akaniambia, "Pasta, mimi sigusi spana kwanza. Mimi nauliza maswali."

Swali lake la kwanza ni: inachemka wapi? Kama inachemka ukiwa kwenye foleni ya Kenyatta Avenue, lakini ukitoka barabara kubwa kuelekea Gilgil mshale unashuka, basi anaangalia feni. Gari likikimbia upepo unajipitisha wenyewe kwenye rejeta. Likisimama linategemea feni, na feni ikiwa imekufa, au ile relei yake, au swichi yake ya joto, kila foleni ni tanuru. Kama ni kinyume chake, mjini gari liko sawa na mlimani likiwa na mzigo linachemka, hapo anashuku rejeta iliyoziba, au pampu ya maji ambayo imechoka. Rejeta huziba kwa nje kwa wadudu na matope, na kwa ndani kwa kutu na madini. Tunajua maji ya visima vya Bonde la Ufa yalivyo, fluoridi yake tunaiona kwenye meno yetu wenyewe; na madini mengine ya maji ya kisima huganda kwenye vile vijibomba vyembamba vya rejeta kama yanavyoganda kwenye birika. Ndiyo maana fundi anasisitiza kulanti, si maji ya mfereji tu: kulanti huzuia kutu na pia huchelewesha kuchemka. Na kama gari linachemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, hata halijatoka mtaani, basi anawaza termostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au jambo baya zaidi.

Swali la pili: maji yanakwenda wapi? Anatandika katoni kavu chini ya gari usiku kucha. Asubuhi katoni inasema. Doa likiwa mbele, ni rejeta au hosi. Likiwa upande wa mikanda, pengine ni pampu. Kama zulia la ndani, pale abiria anapoweka miguu, lina unyevu na harufu tamu, ni kile kirejeta kidogo cha hita. Lakini kuna lile gari ambalo katoni yake ni kavu kabisa, na bado kila wiki maji yamepungua. "Hilo, Pasta, ndilo naliogopa." Hapo maji yanaingia ndani ya injini yenyewe. Gasketi ya silinda hedi imeungua. Anachungulia moshi wa ekzosi kama ni mweupe na hauishi hata injini ikishapata joto, anaangalia kama kuna mapovu kwenye tanki la akiba, anafungua kifuniko cha oili kuona kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa nje gari ni safi, limeoshwa, halidondoshi hata tone. Linajinywa lenyewe.

Sasa fungueni Yoshua sura ya saba.

Israeli wametoka kuangusha Yeriko. Mbele yao kuna kijiji kinaitwa Ai, kidogo hivi kwamba wapelelezi walirudi wakasema jeshi lote lisisumbuliwe, watu elfu mbili au tatu wanatosha. Wakaenda kama 3,000. Wakapigwa, wakakimbia, watu 36 wakafa. Yoshua akararua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, mavumbi kichwani.

Niwaulize, Yoshua alikosea kuomba? Hapana. Sisi ni kanisa la maombi, na mtu asitoke hapa akasema pasta msaidizi amehubiri dhidi ya kesha. Lakini angalieni mstari wa kumi. Mungu anamwambia Yoshua ainuke. Anamuuliza kwa nini amelala kifudifudi hivyo. Halafu anamwambia kuna kitu kimefichwa kambini, na mpaka kitolewe hawatasimama mbele ya adui. Yaani Mungu mwenyewe, anayeamuru maombi, anakatiza maombi! Anasema simama, kuna kazi ya kutafuta.

Na tazama jinsi utafutaji ulivyofanyika. Mungu angeweza kutaja jina la Akani palepale mstari wa kumi. Hakufanya hivyo. Asubuhi yake Israeli wote walisogezwa kabila kwa kabila, likatwaliwa kabila la Yuda. Kisha ukoo kwa ukoo, ukatwaliwa ukoo wa Zera. Kisha nyumba kwa nyumba, nyumba ya Zabdi. Kisha mtu kwa mtu. Hiyo ni kazi ya fundi kabisa! Kutoka gari zima mpaka mfumo wa kupoza, kutoka mfumo mpaka upande wenye doa, kutoka doa mpaka hosi, na mwisho ule mpasuko mdogo ambao usingeuona bila kukunja hosi kwa mkono. Wakachimba chini ya hema wakakuta vazi zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Hema kwa nje lilikuwa kama mahema mengine.

Najua mwisho wa Akani ni mgumu, na kuna watu wamelitumia fungu hili vibaya sana, wakitafuta Akani kwenye viti vya kanisa: nani ametuletea mkosi, nani ana mizimu ya kwao, ni mkwe gani huyu. Tafadhali. Kazi yako si kuchimba chini ya hema la jirani. Msalaba umebeba mawe ya Akani. Ninachokuomba uchukue ni ule utaratibu wa kutafuta, kisha uchukue jembe lako uingie hemani mwako.

Kuna dada mmoja ana kibanda cha mboga, sitasema soko gani. Biashara ilikuwa inakufa kila baada ya miezi michache. Kikundi chake cha akina mama kilimchangia mtaji mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara waliombea ule mtaji, wakaupaka mafuta, wakafurahi. Na kila mara ukaisha. Maneno yakaanza, eti kuna mtu anamfunga. Mara ya nne mama mmoja mzee, ambaye hajasoma sana lakini amefuga ng'ombe Njoro miaka mingi, akasema, "Mwanangu, ng'ombe akikonda hatuongezi nyasi tu, tunaangalia minyoo." Akamnunulia daftari. Mwezi mmoja aandike kila shilingi inayoingia na kila shilingi inayotoka, hata ya chai.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na nawaambia daftari ni ile katoni chini ya gari. Wiki ya pili doa lilionekana. Mboga zilikuwa zinauzika, tena kwa faida nzuri. Lakini kila jioni kabla hajafunga kibanda kulikuwa na pesa inatoka kwenda kulipa mkopo wa simu, na kulipa huo alikuwa anachukua mwingine, na chini ya yote kulikuwa na deni la hospitali la mdogo wake ambalo hata mume wake hakulijua. Miaka miwili amelibeba peke yake. Mtaji wa kikundi ulikuwa unapita kibandani kama maji kwenye hosi iliyopasuka. Hakuwa mvivu wala hakuwa amerogwa. Hagai anazungumzia mtu wa namna hiyo, anayefanya kazi na kupokea mshahara halafu anautia kwenye mfuko wenye matundu, na kabla ya kufika hapo nabii anawataka watu waangalie njia zao. Deni halijaisha bado. Lakini mume anajua sasa, wanalipa wawili, na ule mkopo wa simu umefungwa. Mara hii kikundi hakikumpa mtaji. Hakuuhitaji.

Watu wa biashara tuna msemo wetu kwamba mauzo yanaponya kila kitu. Si kweli. Ukiongeza maji kwenye rejeta iliyotoboka unapata barabara yenye maji. Kuna ndugu hapa anaomba Mungu amuongezee mshahara, na mshahara ukiongezeka tundu litapanuka vilevile. Kuna mwingine anaomba amani nyumbani kila Ijumaa usiku kwenye kesha, anarudi Jumamosi asubuhi amejaa mpaka juu, na kufika Jumatano ameshachemka tena. Tunakuombea, tutaendelea kukuombea. Lakini sasa nakuuliza kama fundi: unachemka wapi? Ukiwa umesimama bila kazi, au ukiwa na mzigo? Ukiwa na nani? Mwisho wa mwezi au siku zote? Mtu anayechemka mwisho wa mwezi tu hana pepo la hasira, ana hesabu ambayo haijazungumzwa. Anayechemka kila akitoka kwa mama yake, tuanzie hapo. Anayechemka asubuhi kabla hata hajatoka kitandani, huyo tukae naye vizuri na pengine aonane na daktari, na kumwona daktari si ukosefu wa imani. Eliya alipotamani kufa kule jangwani, malaika hakuanza na mahubiri, alimpa usingizi na mkate, mara mbili.

Sasa kuna mambo mawili ambayo mafundi wa kubahatisha hufanya, na nimeyaona kanisani pia.

La kwanza ni kutoa termostati. Gari likichemka kidogo tu, mtu anasema, "Toa hiyo kitu, haina kazi huku Afrika." Ina kazi. Termostati hufungwa injini ikiwa baridi ili ipate joto haraka, kisha hufunguka, kwa magari mengi ya zamani tuliyonayo ikifika kama digrii 82, ili maji yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi, inachakaa mapema, na kama shida ilikuwa rejeta iliyoziba, bado imeziba. Termostati iliyokwama unaibadilisha, huitupi ukaacha nafasi wazi. Wengine wetu tumetoa ile sauti iliyokuwa inatuzuia. Alikuwa mzee wa kanisa, au dada mkubwa, au mke, anayesema "hapo ngoja kidogo." Alikuudhi, ukamtoa kwenye mambo yako. Sasa unakimbia bila breki ya moyo na unaita hiyo uhuru.

La pili linaniogopesha zaidi. Geji ya joto husoma maji. Kile kisoma joto kimekaa ndani ya maji. Maji yakipungua sana, kinabaki hewani, na mshale ambao ulikuwa umepanda juu unaweza kushuka ghafla hadi kwenye baridi. Dereva anapumua: ah, imepoa, asante Yesu. Anakanyaga mafuta. Kumbe imeshuka kwa sababu hakuna maji tena ya kupima, na silinda hedi ya aluminiamu inapinda wakati yeye anaimba.

Akina baba, nisikilizeni. Tuna mtu alikuwa analalamika, alikuwa anagomba nyumbani, alikuwa anamsumbua pasta kwa simu saa tano usiku. Halafu akanyamaza. Haulizi kitu tena. Ukimsalimia, "sawa tu, Pasta." Watu wanasema amekomaa, Mungu amemshughulikia. Inawezekana. Lakini katika huduma nimesimama kando ya makaburi ya wanaume waliokuwa "sawa tu, Pasta" wiki mbili kabla. Mtu ambaye mshale wake umeshuka ghafla bila chochote kutengenezwa, huyo msimpongeze. Mwendeeni nyumbani siku hiyo hiyo.

Na mkimwendea, kumbukeni sheria mbili ambazo hata turnboi wa matatu anazijua. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Ile presha inayosaidia maji yasichemke, ukiifungua ghafla, maji yote yanageuka mvuke usoni mwako. Zima injini, subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika hosi ya juu kwa mkono bila kuruka. Mke anayedai maelezo yote saa sita usiku mume akiwa ndio anaingia amewaka, anafungua kifuniko. Mume anayesema "tumalize hii sasa hivi" mke akiwa analia, anafungua kifuniko. Kuna kesho asubuhi. Sheria ya pili, usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Sisi watu wa kanisa tunapenda sana hii: mtu ana siku tatu tu tangu afukuzwe kazi, tunammwagia mistari yote tunayoijua. Maji ni mazuri. Saa yake bado.

Nisieleweke vibaya hapo. Nasema subiri kwa habari ya joto la maneno. Kama boneti inatoa moto, hukai ndani ya gari ukisubiri lipoe, unatoka na watoto mnasimama mbali. Dada ambaye anapigwa nyumbani, usiambiwe na mtu yeyote kwamba pasta alisema ungoje nusu saa. Toka. Utupigie simu ukiwa mahali salama.

Kwa wanaosafiri kwenda Marigat na Baringo, fundi aliniomba niongeze hili. Kushuka kutoka Nakuru, karibu kilomita 100, gari linaonekana halina neno lolote, kwa sababu linateremka. Kule chini ni kidogo juu ya mita 1,000 na jua ni kali. Ni wakati wa kurudi, unapanda kwenye joto ukiwa umebeba asali na matikiti, ndipo ugonjwa hutoka. Kagua kabla ya kushuka. Ukiona mshale unapanda ukiwa njiani, zima eyakondishena, washa hita mpaka mwisho hata kama mtatokwa jasho, maana hita nayo ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini. Ukipita alama nyekundu, simama. Kilomita tano za ubishi zinaweza kukutoa kwenye bei ya hosi zikakufikisha kwenye bei ya injini.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, fundi wetu na vijana wake wawili watakuwa uwanjani nyuma ya kanisa kukagua mifumo ya kupoza, bila malipo. Vipuri utanunua mwenyewe. Jumamosi usiku tandika katoni kavu chini ya gari, uje nayo. Usiongeze maji asubuhi hiyo kabla hajayaona, lakini kama tanki la akiba liko tupu kabisa, usiliwashe gari. Njoo na matatu, fundi atakufuata nyumbani.

Mezani chini ya ule mti, mama wa Njoro na mimi tutakuwa na madaftari mapya, kila moja na kalamu. Ni ya bure pia. Mchukue mke na mume daftari moja, si mawili. Andikeni kuanzia siku hiyo hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi, kila inayoingia na kila inayotoka. Kama kuna deni ambalo mwenzako halijui, usilianzie kwenye daftari. Njooni kwanza ofisini Jumanne au Alhamisi kuanzia saa nane mchana, mmoja au wote wawili, mlango utafungwa na simu zitazimwa.